Akaunti Iliyoitwa Sisi

Kwenye kampuni moja ya kusafirisha vifurushi palikuwa na mama mmoja ambaye watu walimwita Bawabu, ingawa hakuwahi kusimama getini wala kuvaa kofia ya ulinzi. Mlinzi halisi alikuwepo, na jina hilo lilimchekesha kila alipolisikia. Bawabu ni mimi, alikuwa akisema, sasa yule ndani ni nani? Lakini jina la utani likishamkaa mtu halivuliki kama shati, na hili lilimkaa mama huyu kwa sababu ya kazi yake. Kila kompyuta ya kampuni ile ilikuwa na mlango wake, na mlango huo hufunguka kwa vitu viwili: jina la mtu na neno lake la siri. Majina hayo yote yalikuwa mikononi mwa Bawabu. Mfanyakazi mpya akifika, yeye ndiye humtengenezea jina. Anayeondoka, hulifunga siku hiyohiyo. Anayesahau neno la siri humwendea yeye, na wanaosahau, jamani, si haba. Wapo waliosahau kila Jumatatu, kana kwamba Jumapili ilikuja kuwaosha ubongo.

Alikuwa na subira ya mtu anayechambua mchele. Wakubwa walimjia wamefura kwamba kompyuta imewakataa, naye huwauliza taratibu kama kile kitufe cha herufi kubwa hakijabaki kimebonyezwa. Mkubwa hutazama, hushukuru kwa sauti ndogo, huenda zake. Bawabu hakumsimulia mtu mambo hayo. Aibu ya neno la siri, alisema, ni kama aibu ya chooni: dawa yake ni kufunga mlango.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa kinyume kabisa. Neno la siri la simu yake lilijulikana na nyumba nzima, hata na mama mkwe wake ambaye simu yenyewe hakuigusa. Ufunguo wa kabati la vyombo ulipotea akiwa yeye ndiye aliyeushika mara ya mwisho, mpaka mumewe, ambaye ni seremala, akang'oa bawaba zake. Tangu siku hiyo mlango wa kabati umeegemezwa tu, na kila ukianguka mama mkwe huuliza kama huko kazini nako wanaegemeza.

Mama mkwe huyo bado alimwita "Bibi Harusi," ingawa harusi yenyewe ilikuwa imezeeka na watoto wake walishaanza kuota ndevu. Jioni moja akimenya viazi alimtaka amweleze hasa anafanya nini huko, maana majirani wakimuuliza yeye hujibu tu kwamba mkwe wake anashughulika na umeme.

Bawabu akafikiri kidogo. Akamwambia, mama, wewe unaniita Bibi Harusi. Hapa ndani kila mtu anajua ni mimi. Lakini nikivuka barabara nikaingia duka lile nikasema mimi ni Bibi Harusi, watanishangaa. Basi kompyuta nayo ina jina la namna hiyo, la nyumbani, inalijua yenyewe peke yake, kompyuta ya jirani hailijui. Halafu kuna jina la pili, la mtandaoni, linalotunzwa kwenye kompyuta moja kubwa inayoitwa seva. Ukikaa mbele ya kompyuta yoyote ukataja jina hilo, inaiuliza seva, huyu tunamjua? Seva ikisema tunamjua, unaingia, popote ulipo.

Mama mkwe akaangusha kiazi kwenye sufuria. "Kwa hiyo la nyumbani linaishia kizingitini."

"Hapo hapo mama. Hujakosea hata kidogo."

"Na wewe unawahamisha watu kutoka la nyumbani kwenda la mtandaoni."

"Ndiyo kazi ya mwaka huu."

"Wanakubali?"

Wengi walikubali. Ofisi ya hesabu ilihama, madereva wakahama, dirisha la wateja likahama. Kilichobaki kilikuwa chumba kimoja cha nyuma, chumba cha vifurushi, na chumba hicho ndicho kilichomkosesha Bawabu usingizi wa mchana.

Humo walifanya kazi watu watatu. Mkubwa wao kwa umri alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye khanga mbili wakati wote, moja kiunoni na moja begani. Kampuni nzima ilimwita Shangazi. Alijua rafu zile kama mtu anavyojua meno yake. Wa pili alikuwa mwanamume wa makamo, mfunga vifurushi, aliyeitwa Utepe kwa sababu ya utepe wa gundi uliokaa mkononi mwake kama bangili, na pia, walisema wenye maneno, kwa sababu akianza kuongea hakatiki. Wa tatu alikuwa dada wa mizani, kijana, mcheshi wa chinichini, aliyepima uzito na kubandika lebo. Kompyuta zilikuwa mbili, moja karibu na mizani na nyingine karibu na rafu, na wote watatu walizunguka baina yake kutwa nzima.

Nao waliingia kwa jina moja tu. Zamani mtu fulani alizitengenezea kompyuta zote mbili akaunti ya nyumbani, moja kila kompyuta, akazipa jina lilelile: sisi. Asubuhi anayefika kwanza huandika *sisi*, huandika neno la siri, na mlango huachwa wazi mpaka jioni. Kidole kimoja hakivunji chawa, Utepe alimweleza Bawabu, na hapa vidole vyote viko ndani ya glavu moja.

Ilikwenda vizuri hivyo mpaka siku kifurushi kimoja kilipoandikwa kwenye kompyuta kwamba kimeshachukuliwa, kumbe kiko palepale rafuni. Mwenye mzigo akaja, akaambiwa umeshachukuliwa. Akasema nimeuchukua lini na mimi ndiyo nafika? Kelele zikafika kwa Mkuu wa Ghala. Mkuu alikuwa mtu mpole aliyependa mambo yakae kwenye mstari. Akaenda mwenyewe chumbani, akauliza ni nani aliyeandika hivyo. Wakatazamana. Akaiuliza kompyuta, maana kompyuta hutunza jina la kila aliyeandika kitu. Kompyuta ikamjibu: sisi.

"Sisi nani?" Mkuu akauliza.

"Sisi hapa, bosi," Utepe akasema.

Mkuu akamwita Bawabu siku ileile. Akamwambia kabla mwezi haujaisha anataka kila mtu wa chumba kile awe na jina lake la mtandaoni, na *sisi* afungwe. Alilisema neno hilo kama vile sisi ni mtu mmoja mkorofi aliyejificha nyuma ya rafu.

Bawabu akaenda kuangalia mazingira, na hapo ndipo alipokosea, kwa wema tu. Alipofungua kompyuta ya kwanza akakuta herufi zimevimba. Neno moja lilijaza nusu ya kioo. Orodha ya vifurushi, ambayo kwingine huonyesha mizigo mingi kwa pamoja, hapa ilionyesha mitatu, na ili uone wa nne inabidi ushuke. Ya pili ilikuwa hivyohivyo. Akawaonea huruma watu hawa, wamefanya kazi na kioo kibovu muda wote na hakuna aliyelalamika. Akakaa akazirekebisha zote mbili, herufi zikarudi saizi ya kawaida, akawaambia kwa furaha, "Nimewatengenezea."

Wakamshukuru, lakini shukrani yenyewe ilikuwa baridi kama ugali wa jana.

Kesho yake alipopita, herufi zilikuwa zimevimba tena. Akazirudisha tena. Keshokutwa zikavimba. Akaanza kudhani kompyuta zina ugonjwa, akawa anatafuta kirusi, mpaka Utepe alipomwambia kwa sauti ya mzaha aziache tu, wamezizoea. "Sisi ni watu wa mambo makubwamakubwa, dada. Hivyo vidogo tuwaachie watu wa hesabu." Dada wa mizani akacheka huku akitazama lebo zake. Shangazi aliendelea kupanga rafu.

Siku ya kuhama ikafika. Bawabu alikuwa ameshawaandalia kila mmoja jina lake, na kila mmoja alimwandikia neno la siri la kuanzia, ambalo kompyuta ingemtaka alibadilishe akishaingia. Mkuu naye akaja kushuhudia, mikono nyuma. Akasema Shangazi ndiye mkubwa, aanze yeye, ni heshima yake.

Shangazi akatazama pembeni. Akasema waanze vijana. Mkuu akasisitiza kwa adabu, na heshima ikisisitizwa hugeuka kuwa amri. Basi Shangazi akaketi. Akaingia vizuri, kwa sababu Bawabu alimfanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kompyuta ikamtaka achague neno la siri jipya, akachagua, vidole vikigonga polepole, na Bawabu akageuza uso pembeni kama ilivyo adabu. Ikafuata hatua ya mwisho, kutoka na kuingia tena ili kuhakikisha. Kioo kikaonyesha visanduku viwili, cha juu cha jina na cha chini cha neno la siri, na herufi zilikuwa za kawaida, ndogo, kwa sababu akaunti mpya haimjui mtu bado.

Shangazi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akaandika. Akangoja.

Sasa, kisanduku cha chini hufunika maandishi kwa vitone, lakini cha juu huyaacha wazi. Na Shangazi alikuwa ameandika neno lake la siri juu, mbele ya watu wote. Likasomeka bila tabu: *utepemwongo*.

Dada wa mizani ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka lebo zikamdondoka. Mkuu akajikaza, akashindwa, akatoa kitambaa cha mkononi na kujifanya anapiga chafya. Utepe alisimama na bangili yake ya gundi, mdomo wazi, akiuliza dunia amekosa nini.

"Shangazi," Mkuu akasema alipopata pumzi, "umeandika nini hapo juu?"

Shangazi akageuka akawatazama wote, akijaribu kujua kicheko kimetoka wapi. Akajibu kwa utulivu, "Nimeandika jina langu."

Wengine wakacheka zaidi, wakidhani anajibu mapigo. Bawabu peke yake hakucheka. Mama yule hakuwa anatania. Hakuwa ameona ameandika kwenye kisanduku kipi. Na hapo Bawabu akazikumbuka zile herufi zilizovimba, na jinsi alivyokuwa akizipunguza kila siku kwa mkono wake mwenyewe, huku akitarajia asante.

Akamwambia Mkuu kwamba mtandao umelegea kidogo, watamalizia baadaye. Mkuu akaenda zake akifuta macho.

Bawabu akamfuata Shangazi nyuma ya rafu ya mwisho, palipokuwa na viti viwili vya plastiki na birika. Shangazi akamimina chai bila kutazama kikombe, kidole kikiwa kwenye ukingo kumwambia imefika wapi. Bawabu akakaa, akanywa.

"Ni wewe uliyekuwa unazipunguza," Shangazi akasema.

"Ni mimi Shangazi. Nilidhani kioo kimeharibika. Unisamehe."

"Kilichoharibika si kioo, mwanangu."

Akamweleza. Macho yalianza kufifia taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Daktari alisema hayatazimika, ila hayatarudi pia, na miwani inamsaidia njia, haimsaidii maandishi. Wenzake walipogundua, hakuna aliyesema neno. Asubuhi moja alikuta tu herufi zimekuzwa, kompyuta zote mbili, na toka hapo wote wakafanya kazi hivyo, wakishuka na kupanda orodha kutwa nzima kwa ajili yake. Utepe alijitangaza kwamba ni yeye aliyezikuza, na kwamba anavumilia tu kwa sababu ya Shangazi. Alilitaja jambo hilo mara nyingi mno, ndiyo maana akapewa heshima kwenye neno la siri.

Kisha akazungusha kikombe. Alichoogopa hakikuwa macho. Karani mmoja wa uani alipoumia mkono aliambiwa akapumzike, na mpaka leo anapumzika. Yeye akiambiwa hivyo atakwenda kukaa kwenye kitanda cha mwanawe, akihesabiwa na mkwe kila kijiko. Na lile kosa la kifurushi lilimkaa kooni. "Huenda ni mimi niliyeandika vile," akasema. "Sijui. Ndani ya sisi hata mimi sijioni. Sasa ukitugawanya, kosa la pili litakuwa na jina langu."

Bawabu angeweza kusema maneno mengi ya kutuliza. Akasema la kweli. *Sisi* lazima afungwe, hilo liko nje ya uwezo wake. Lakini zile herufi kubwa hazikuwa mali ya kompyuta, zilikuwa mali ya akaunti. Akaunti ya nyumbani inaishia kizingitini, ndiyo maana ilibidi wazikuze mara mbili, huku na huku. Ya mtandaoni inaweza kubeba vitu vya mwenyewe. Akizikuza mara moja kwenye jina la Shangazi, na vitu vyake vikatunzwa kwenye seva, basi akikaa kwenye mizani herufi zitamfuata, akihamia rafuni zitamfuata. Na Utepe na dada wa mizani watapata zao za kawaida.

"Zinanifuata mimi?"

"Zinakufuata wewe. Ila kuna jambo. Kutunza vitu vya mtu kwenye seva Mkuu alikataa, alisema kutaujaza mtandao. Nikitaka ruhusa ataniuliza kwa nini."

Shangazi akaelewa. Bawabu akajitolea kutafuta sababu nyingine, ya kompyuta tu, isiyotaja macho ya mtu. Shangazi akatikisa kichwa. Akajifunga khanga ya kiunoni upya, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu. "Nimefichwa na wenzangu vya kutosha. Nitamwambia mwenyewe. Wewe njoo uwe karibu, useme yale ya mitambo."

Wakaenda. Shangazi akasema yote, mpaka la kifurushi. Mkuu alimsikiliza kichwa kikiwa chini. Ilionekana anakikumbuka kicheko chake na kinamchoma. Aliuliza maswali machache, mengi kwa Bawabu. Mwisho akasema atatoa ruhusa kwa chumba kile, na wajaribu mwezi mmoja. Kazi ikienda sawa, hakuna wa kumgusa. Makosa yakitokea kwa jina lake, itabidi wazungumze tena. Alisema hivyo kwa upole, lakini alisema.

Basi mwezi ule Shangazi aliuishi kama mtu anayetembea na yai kwenye kijiko. Bawabu alizikuza herufi zake, akajaribu kompyuta ya kwanza, zikaja. Akaenda ya pili, akaandika jina la Shangazi, akamwachia mwenyewe kisanduku cha chini, kioo kikatulia kidogo, halafu zikajitokeza, nene, nyeusi, kama watoto waliokimbia kumpokea. Shangazi akagusa kioo kwa kidole. Siku ile alimtengea Bawabu kikombe chake pale nyuma ya rafu, na hakikutumiwa na mtu mwingine tena. Akaunti ya *sisi* ikafungwa. Utepe akatangaza kwamba hatimaye amepumzika, macho yake yalikuwa yamechoka kuangalia maneno kama mabango ya barabarani.

Mwezi ukiwa karibu kwisha, mwenye mzigo mmoja akafika dirishani, akaambiwa mzigo wake umeshachukuliwa. Ukatafutwa, upo rafuni. Kosa lilelile la mwanzo. Mkuu akaja mwenyewe chumbani na akamwita Bawabu. Shangazi alipomwona anaingia aliweka chini alichokuwa ameshika, akasimama wima, mikono kwenye mafundo ya khanga.

Bawabu akaiuliza kompyuta. Akasoma jibu, akalisoma tena, akamgeuzia Mkuu kioo.

Mkuu akasoma kwa sauti. Lilikuwa jina la Utepe. Na si kosa hilo tu. Lilikuwepo lingine dogo juzi, na lingine kabla yake, namba ya mzigo mmoja imechukuliwa kwa ya jirani yake, tatu ikaonekana nane. La Shangazi hata moja.

Utepe akauangalia utepe wake mkononi kana kwamba anauona leo. Akakohoa. Akamsogelea Bawabu, akainama sikioni mwake, lakini mtu aliyezoea kuongea kwa sauti hata minong'ono yake inasikika getini.

"Dada," akasema, "zile herufi za Shangazi. Haziwezi kumfuata na mtu mwingine?"

Dada wa mizani akajificha uso kwenye karatasi za lebo. Mkuu safari hii hakucheka. Alimtazama Utepe, akamtazama Shangazi, akasema Utepe naye aende kwa daktari wa macho, na Bawabu ampe chochote alichompa Shangazi. Akatoka. Mlangoni akageuka, akasema habari ya mwezi wa majaribio imekwisha, Shangazi aendelee na kazi yake.

Shangazi akaketi kwenye kiti cha Utepe, akavuta kibodi, akasubiri Bawabu amwambie aanzie wapi kuzikuza herufi za Utepe.

"Na ulisema unavumilia kwa ajili yangu," akamwambia Utepe bila kugeuka.

"Nilikuwa navumilia, Shangazi. Mwanzoni."

"Bawabu, mwanangu. Kwa nini ulinitaka nibadilishe lile neno langu la siri, baada ya watu kuliona?"

"Ilibidi, Shangazi. Ndiyo utaratibu, likishaonekana halifai."

"Pole yake," Shangazi akasema. "Lilikuwa la kweli."